Wafilipino na Heshima ya Kazi



Mwezi huu tumeona yafaa kuzungumza nanyi juu ya kazi. Twajua wengi mtasema: Kazi twaifahamu, sisi tuliokua na jembe mkononi. Ni kweli. Lakini twaona neno jingine likiingia katika nyumba zetu za Kikristu, nalo latuhuzunisha. Kijana akiisha kusoma miaka michache huona haya kushika jembe mbele ya wenzake. Binti anayewaosha wagonjwa hospitalini husemwa na jamaa zake kwamba amesoma ili awe mtumishi. Na mtu aliyepata kazi ya mshahara hulitazama jua kuliko anavyoitazama kazi yake, akingoja saa ya kutoka. Wengine hata huisingizia dini, wakisema kwamba kazi ni laana aliyopewa Adamu. Hao wamesahau kuwa Mungu alimweka Adamu bustanini ailime na kuitunza kabla hajakosa. Jasho na miiba ndiyo yaliyokuja kwa dhambi. Kazi yenyewe ilikuwa heshima tangu mwanzo.

Basi, badala ya kuwahubiria tu, twataka kuwaeleza habari za Wakristu wenzetu walio mbali nasi, ambao sifa yao duniani ni kazi. Nao ni Wafilipino. Wao wenyewe hujivunia sifa hiyo, nasi twaona wana haki. Lakini imewagharimu sana, na gharama hiyo nayo tutaieleza bila kuificha, kwa kuwa watoto wetu wenyewe wameanza kuifuata njia ile ile.

Nchi yao na dini yao

Ufilipino ni nchi ya visiwa, vipatavyo 7,641, upande wa kusini mashariki wa Asia. Hesabu ya watu ya mwaka 1521 hatunayo, lakini ile ya mwaka 2020 ilipata watu milioni 109. Katika mwaka ule wa 1521 merikebu za Ferdinand Magellan, aliyetumwa na mfalme wa Hispania, zilifika huko, na siku ya Paska, tarehe 31 Machi, Misa ikasomwa. Mwezi wa Aprili mtawala wa Cebu, jina lake Humabon, akabatizwa pamoja na mkewe na watu wao wengi. Wahispania walirudi mwaka 1565 wakatawala mpaka 1898. Wakafuata Wamarekani, na tarehe 4 Julai 1946 nchi ikawa huru. Mwaka 2021 Wafilipino walisherehekea miaka 500 ya imani yao.

Nchi yenyewe si ya kumlea mvivu. Kila mwaka tufani kama ishirini hupita katika bahari yao, na nyingine huipiga nchi kavu. Ile ya tarehe 8 Novemba 2013, ambayo wao huiita Yolanda, iliua watu zaidi ya 6,000 na kuangusha miji mizima. Mtu aliyekulia mahali kama hapo hujifunza mapema kwamba nyumba iliyoanguka haijisimamishi yenyewe.

Katika milima ya kaskazini ya kisiwa cha Luzon wakaa Waifugao. Wazee wao walichonga mbavu za milima kwa mikono wakafanya mashamba ya mpunga kama ngazi, wakayajengea kuta za mawe na udongo, na maji ya msituni yakaongozwa kwa mifereji kutoka shamba la juu hata la chini. Mwaka 1995 matuta hayo yaliandikwa na UNESCO katika hesabu ya urithi wa dunia nzima. Twapenda mliangalie jambo moja hapo. Ukuta wa juu ukibomoka na mwenyewe asiutengeneze, maji hulivunja shamba la jirani aliye chini. Hivyo uvivu wa mtu mmoja huwa njaa ya nyumba nyingine, na bidii yake huwa chakula cha watu asiowajua.

Misa ya Jogoo

Iko desturi moja ya Wafilipino ambayo sisi waalimu wa dini tumeipenda kuliko zote. Tangu tarehe 16 Desemba mpaka tarehe 24, siku tisa mfululizo, wao huamka gizani kwenda kanisani kujitayarisha kwa Noeli. Misa hizo huitwa kwa Kihispania Misa de Gallo, maana yake Misa ya Jogoo, na kwa lugha yao Simbang Gabi. Husimuliwa kwamba zamani za Wahispania wakulima walikwenda mashambani kabla ya jua kuchomoza, wakaepuka ukali wake, na jioni walirudi wamechoka kabisa. Kwa hiyo mapadre wakaipeleka Misa mbele ya kazi, ili mkulima aanze kwa Mungu kisha aende zake shambani.

Misa ikiisha, nje ya kanisa akina mama huuza chai na mikate ya unga wa mchele na tui la nazi, iliyopikwa kwa makaa juu na chini. Watu wa pwani yetu wangeitambua mara moja, maana ni ndugu ya mkate wa kumimina. Watu hula, husalimiana, kisha kila mmoja hushika njia ya kazi yake. Siku hizi wengi wao si wakulima tena. Ni makarani, madereva, wauguzi na wauza duka. Hata hivyo Misa ya alfajiri haikuachwa, na Wafilipino walioko ng'ambo wameichukua pamoja nao. Marehemu Papa Fransisko, katika mwaka ule wa 2021 wa sherehe ya miaka 500, alisema kwa mzaha wa upendo kwamba wanawake wa Kifilipino mjini Roma ni wapitishaji wa magendo ya imani: waendako kufanya kazi, wao huipanda imani pale.

Neno lao jingine la kukumbuka ni bayanihan, yaani kusaidiana. Zamani mtu alipotaka kuhama, nyumba yake ya mianzi na majani haikubomolewa. Majirani walipitisha miti mirefu chini yake, wakaiinua mabegani nzima nzima, wakaenda nayo mpaka kiwanja kipya. Hawakudai mshahara, mwenye nyumba aliwapa chakula. Wazee wetu walilijua jambo hili, kwa kuwa nao walikuwa na kazi za ujima. Twauliza tu: sisi tumeliweka wapi?

Wauguzi na mabaharia

Sasa tuseme juu ya kazi zinazowafanya wajulikane. Kwanza ni uuguzi. Mwaka 1906, katika mji wa Iloilo, hospitali ya misioni ilifungua shule ya kufundisha wauguzi. Shule nyingine zikafuata, na tangu mwaka 1948 wengi walianza kwenda Marekani kwa mpango wa serikali ya huko wa kuwapokea wageni waje kujifunza na kufanya kazi. Mwuguzi wa Kifilipino husoma chuo miaka minne, kisha hufanya mtihani wa serikali, naye asiposhinda hapewi ruhusa ya kuwahudumia wagonjwa kama mwuguzi. Hapo ndipo msingi wa sifa yao. Hawakusifiwa kwa tabasamu tu, ingawa watu hupenda kuitaja. Walisifiwa kwa sababu mtu aliyelala kitandani alijua kwamba anayemchoma sindano amejifunza kuichoma.

Maradhi ya korona yalipoipiga dunia, tarehe 8 Desemba 2020, mjini Coventry katika Uingereza, mwanamke wa miaka 90 alikuwa wa kwanza wa nchi ile kuchanjwa nje ya majaribio. Mkono uliomchanja ulikuwa wa May Parsons, mwuguzi aliyezaliwa Ufilipino. Mwaka 2022 yeye alikuwa miongoni mwa watu walioitwa mbele ya Malkia Elizabeth kuupokea msalaba wa George, waliopewa watumishi wote wa afya wa Uingereza kwa ushujaa wao. Lakini upande wa pili wa habari hii ni msiba. Katika Marekani, chama kimoja cha wauguzi kilihesabu mwezi wa Septemba mwaka 2020 wauguzi waliokufa kwa maradhi yale. Wafilipino walikuwa kama wanne tu katika kila wauguzi mia wa nchi ile, lakini katika waliokufa walikaribia theluthi. Wengi walifanya kazi penye vitanda vya wagonjwa mahututi, na hawakuviacha.

Pili ni ubaharia. Meli zinazoleta ngano, mafuta na magari katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam huwa na mabaharia wa mataifa mengi, na Wafilipino ni miongoni mwa walio wengi kuliko wote duniani. Wengine hupiga rangi na kufunga kamba, wengine husimamia mitambo, na wengine ni manahodha. Mtu huyo hukaa baharini miezi sita, tisa, au zaidi, na huenda mtoto wake akazaliwa na kuanza kutambaa kabla hajamwona.

Juu ya mabaharia hao twataka kuwapa habari inayofundisha. Kwa miaka mingi, tangu ukaguzi wa mwaka 2006, wakaguzi wa Umoja wa Ulaya walisema kwamba vyuo vya ubaharia vya Ufilipino vina kasoro katika mafundisho na mitihani. Ikafika mahali ambapo vyeti vya manahodha na maofisa kama 50,000 waliokuwa katika meli za Ulaya vilikuwa hatarini kukataliwa. Wafilipino wangaliweza kusema: Sisi ni mabaharia mashuhuri, nani atatufundisha bahari? Lakini serikali yao ilianza kuzirekebisha kasoro zile, na mwezi wa Machi 2023 Umoja wa Ulaya ukatangaza kwamba vyeti vyao vitaendelea kukubaliwa. Ndugu wasomaji, hiyo ndiyo fahari iliyo njema. Fahari mbaya hukasirika ikionyeshwa kosa. Fahari njema hulitengeneza kosa, maana yaipenda kazi kuliko jina.

Tena yuko Hidilyn Diaz, binti wa Zamboanga, ambaye kazi yake ni kunyanyua vyuma vizito katika mashindano. Mwaka 2020, kwa ajili ya korona, alikwama Malaysia, nyumba za mazoezi zikafungwa. Akachukua mwanzi, akauning'iniza vyombo vya maji huku na huku, akaendelea kujizoeza. Tarehe 26 Julai 2021, katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, alinyanyua kilo 127 akashinda. Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Ufilipino tangu nchi hiyo ilipoanza kushiriki michezo hiyo mwaka 1924. Aliposimama kupokea nishani yake, shingoni alikuwa amevaa pia medali ya Bikira Maria. Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Binti huyu aliinama kwa mwanzi na maji wakati wengine waliposema hakuna vifaa.

Gharama ya sifa

Sasa twafika penye neno zito. Kazi katika Ufilipino haikutosha watu, na mishahara ilikuwa midogo. Mwaka 1974 serikali ilitunga sheria ya kuongoza kazi za ng'ambo. Lililodhaniwa kuwa la muda likawa la kudumu. Hesabu ya serikali ya mwaka 2023 ilipata wafanyakazi wao wa ng'ambo zaidi ya milioni mbili, na zaidi ya nusu walikuwa wanawake. Mwaka huo huo fedha zilizotumwa nyumbani zilipita dola milioni elfu 33. Kwa fedha hizo nyumba zimejengwa, watoto wamesomeshwa, wazee wametibiwa. Na fedha si peke yake: hutumwa pia makasha makubwa yaliyojaa sabuni, viatu, nyama ya kopo na peremende, yakafika kabla ya Noeli. Mwaka 1988 Rais Corazon Aquino, akisema na watumishi wa nyumbani huko Hong Kong, aliwaita mashujaa wapya wa taifa.

Lakini shujaa naye hulia usiku. Mama anayemlea mtoto wa watu katika nchi ya mbali amemwacha wake kwa bibi. Yuko mtoto anayemjua mama yake kwa sauti ya simu tu, na mama akirudi baada ya miaka mitatu mtoto hujificha nyuma ya bibi. Tena katika nchi nyingine jina la taifa lao likawa kwa watu jina la mtumishi wa nyumbani, kana kwamba Mungu hakuwaumbia kazi nyingine. Na wako walionyimwa mshahara, waliofungiwa ndani, waliopigwa, hata waliouawa. Mwaka 2018, mwanamke mmoja wa Kifilipino alipokutwa ameuawa katika Kuwait, serikali yao ilizuia kwa muda wafanyakazi wapya wasiende huko, mpaka nchi mbili hizo zikapatana kwa maandishi juu ya haki zao.

Sisi tungependa mwangalie jinsi walivyoyapokea mateso hayo. Hawakusema kwamba kazi ya nyumbani ni aibu. Walisema kwamba ni kazi, na kila kazi ina haki zake. Mwaka 1995 walitunga sheria ya kuwalinda wafanyakazi walioko ng'ambo. Tangu mwaka 2006 walianza kudai kwamba anayekwenda kufanya kazi za nyumbani awe amefundishwa na kupata cheti, asitozwe ada na wakala, na mshahara wake usipungue dola 400 kwa mwezi. Mwaka 2012 Ufilipino ikawa nchi ya pili duniani kuukubali mkataba wa mataifa juu ya haki za watumishi wa nyumbani, na kwa kukubali kwao mkataba ukapata nguvu mwaka uliofuata. Hivyo mtu aipendaye kazi hamruhusu mwingine aifanye kuwa utumwa.

Neno hili latuhusu. Katika miaka hii mabinti wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania wamekwenda Omani, Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba. Wengine wamerudi na akiba, wakajenga. Wengine wamerudi mikono mitupu, na wengine wamerudishwa wamekufa. Wazazi wengine huja kwetu kutuuliza: Mwalimu, nimruhusu binti yangu aende? Hatuwezi kuwajibu wote neno moja. Twawaomba kwanza wajiulize walivyojiuliza Wafilipino: Je, amejifunza kazi anayoiendea? Je, mkataba umeandikwa, naye ameusoma na kuuelewa? Je, serikali yetu inamjua wakala huyo, na ubalozi wetu utajua alipo? Na kama anaacha mtoto, ni nani atakayemlea, na kwa siku ngapi? Asiyeweza kujibu maswali hayo asiuze ng'ombe kulipia safari.

Watakatifu wao wawili

Kanisa la Ufilipino lina watakatifu wawili wenyeji, na wote wawili walikuwa watu wa kazi. Wa kwanza ni Lorenzo Ruiz wa Binondo, mjini Manila, aliyekuwa mwandishi: aliandika barua na hati kwa mwandiko mzuri, akamtunza mkewe na watoto watatu. Aliuawa kwa ajili ya imani huko Nagasaki katika Ujapani mwaka 1637, akatangazwa kuwa mtakatifu tarehe 18 Oktoba 1987. Wa pili ni Pedro Calungsod, kijana wa visiwa vya Visaya, naye alikuwa mwalimu wa dini kama sisi. Mwaka 1668 alifuatana na mapadre Wayesuiti mpaka visiwa vya Mariana, akafundisha katekisimu. Tarehe 2 Aprili 1672, katika kisiwa cha Guam, watu wenye silaha walimvamia yeye na Padre Diego Luis de San Vitores. Kijana yule angaliweza kukimbia, maana miguu yake ilikuwa myepesi kuliko ya padre. Hakumwacha. Wakauawa wote wawili, na miili yao ikatupwa baharini. Mwaka 2012, tarehe 21 Oktoba, Papa Benedikto wa Kumi na Sita alimtangaza kuwa mtakatifu.

Sisi waalimu wa dini, tunaopita vijijini kwa miguu na kwa baiskeli, twafarijika sana kwa habari ya kijana huyu. Hakujenga kanisa, wala hakuandika kitabu. Alipewa kazi ya kumsaidia padre na kuwafundisha watoto, akaifanya mpaka mwisho wake.

Ndugu wasomaji, twamaliza. Hatuwaambii muwe Wafilipino. Mungu hakukosea alipotuumba hapa. Twawaomba mambo machache tu ya nyumbani. Baba, mwanao akirudi kutoka shule, mwache ashike jembe pamoja nawe, nawe umsifu mbele ya wenzake. Mama, binti yako akiwa mwuguzi, usimwite mtumishi kwa dharau. Mwite mtumishi kwa heshima, maana Bwana wetu mwenyewe aliwaosha mitume miguu. Kijana, ukionyeshwa kosa katika kazi yako, litengeneze kabla hujalikasirikia. Nanyi nyote, anzeni siku kwa sala, hata kama ni fupi, jogoo awikapo, kisha nendeni kazini mkijua kwamba Mungu amekwisha kufika huko kabla yenu.

Mungu awabariki ninyi na kazi ya mikono yenu.